Mizinga ya 1896, Pegasus ya 1914 au mashua za Pemba: uchague kisa kipi?

Zanzibar ina visa vitatu vya mapigano ya baharini ambavyo mtu anaweza kuvifuata kwa miguu na kwa boti bila ya kutoka visiwani. Kuna mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 mbele ya kasri ya Sultani. Kuna manowari HMS Pegasus iliyozamishwa bandarini tarehe 20 Septemba 1914. Na kuna doria za mashua za Waingereza pembezoni mwa Pemba, baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Maalim mwenye darasa zima na siku moja tu ya ziara, mtembeza wageni anayetaka kitu kipya cha kusimulia, au kijana wa kidato cha nne anayetafuta mada, wote nafasi yao ni ya kisa kimoja. Karibu wote huchukua kile cha kwanza. Mimi naona wanakichukua kwa sababu kiko karibu, si kwa sababu ndicho kinachofundisha zaidi.

Kipimo changu ni kimoja: kisa kinaonyesha vipi namna watu wanavyopigana baharini? Mambo ya usultani na himaya yana wasomi wake, na vitabu vyake havihesabiki.

Kwa kipimo hicho lazima kwanza tuwajue wapiganaji. Manowari ya Uingereza ya karne ya 19 ilipakia watu wa namna mbili. Walikuwamo mabaharia, wanaoendesha chombo, na walikuwamo askari wa Royal Marines, ambao si mabaharia ingawa wanakula na kulala melini. Kikosi chao kiliundwa tarehe 28 Oktoba 1664, kikajipatia sifa kwa kuiteka Gibraltar mwaka 1704, na neno "Royal" wakapewa mwaka 1802. Kazi yao ilikuwa kupiga bunduki kutoka sitahani, kushika baadhi ya mizinga, kulinda maafisa wasije wakaasiwa na mabaharia wao wenyewe, na kushuka pwani panapohitajika bunduki nchi kavu. Zama hizo waligawika mafungu mawili, wa mizinga wenye sare ya buluu na wa miguu wenye sare nyekundu, mpaka walipounganishwa tena mwaka 1923. Ukitaka kumwona askari wa namna hii akiwa kazini, visa vyetu vitatu vinamwonyesha kwa viwango tofauti kabisa.

1896: kisa cha mlangoni

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896 kabla ya adhuhuri. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasrini na kujitangaza bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao tangu himaya ya 1890 walidai kuwa hakai mtu kwenye kiti ila wamemkubali. Wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Bandarini zilikuwapo tayari Philomel na Thrush. Sparrow ikaingia, kesho yake zikafuata Racoon na St George, na ndani ya St George alikuwamo Admirali Harry Rawson. Khalid akapewa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera yake. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza. Saa 3 na dakika 40 ikanyamaza.

Faida ya kisa hiki ni kwamba hakigharimu kitu. Wasimamishe wanafunzi Forodhani, wageuzie uso baharini, kisha wageuze nyuma waone palipokuwa kasri. Hapo hapo wataelewa kuwa jengo la mawe ya matumbawe na boriti, lililokaa ukingoni mwa maji, halina pa kujificha mbele ya mizinga ya manowari. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 2,800, nyuma ya vizuizi vya makasha, marobota na mpira ghafi. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid wanakisiwa kuwa 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja wa Thrush.

Hapa nina la kusema kuhusu hii "rekodi ya vita vifupi kuliko vyote duniani". Wageni huipenda, na watembezaji huitaja kwa bashasha kama vile timu yetu imechukua kombe. Hao 500 walikuwa watumishi, watumwa, askari wa kasri na watu wa mjini. Ukiwapeleka watoto pale, wape hesabu ya watu kwanza, ya dakika iwe baadaye.

Askari wa Royal Marines wamo, lakini kwa mbali. Mabaharia na askari wapatao 150 waliteremshwa kutoka manowarini kulinda ubalozi wa Uingereza na kuzuia fujo mjini. Pamoja nao walisimama askari wa Kizanzibari kiasi cha 900 wa jeshi la serikali, chini ya Luteni Arthur Raikes, upande wa Waingereza. Jambo hili wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wakilisikia na kunyamaza, maana kila mmoja amekuja na picha ya Wazungu huku na Wazanzibari kule.

Mapigano yenyewe ya baharini, chombo kwa chombo, yalikuwa machache mno, na watembezaji wengi huyaruka. Sultani Barghash, baba yake Khalid, alikuwa na meli iitwayo Glasgow, iliyojengwa mwaka 1878 baada ya meli zake kuharibiwa na kimbunga cha mwaka 1872. Ilikuwa na vimizinga vidogo. Asubuhi ile Glasgow iliitupia risasi St George, meli kubwa kuliko zote zilizokuwapo, na ikajibiwa mpaka ikakaa chini ya maji. Bandari pale haina kina kirefu, kwa hiyo milingoti yake ikabaki imesimama juu ya maji mpaka mwaka 1912. Watoto waliozaliwa mjini baada ya vita walikua wakiiona kila siku.

Kipande kingine kizuri ni kutoroka kwa Khalid. Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Waingereza wakaweka askari mlangoni wamkamate akikanyaga ardhi ya Zanzibar. Wajerumani wakangoja maji ya bamvua. Tarehe 2 Oktoba bahari ilipojaa hadi kwenye ngazi za ubalozi, mashua ya manowari Seeadler ikasogea, Khalid akapanda moja kwa moja, akapelekwa Dar es Salaam. Mtoto wa pwani anakielewa kisa hiki bila ya maelezo, kwa vile anajua bamvua ni nini.

Kwa skuli za msingi, basi, chukua hiki. Jua tu kwamba sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la masultani hapo hapo Forodhani, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, kwa hiyo ulizia mapema kama kuna kuingia ndani au ni kutazama kwa nje.

1914: manowari kwa manowari

Hapa ndipo penye mapigano ya baharini ya kweli, na yanaeleza kitu kimoja waziwazi kuliko somo lolote la darasani: baharini mwenye mizinga ya kufika mbali ndiye anayechagua mapigano yapiganwe wapi.

HMS Pegasus ilishushwa majini mwaka 1897. Ilikuwa na mizinga minane ya inchi 4 na boila zenye matatizo yasiyokwisha. Septemba 1914 ilitia nanga Unguja kutengeneza mitambo, peke yake, huku manowari nyingine za Uingereza zikiwa zimeitwa kwengine. Upande wa pili ilikuwapo Königsberg ya Ujerumani, chini ya Kapteni Max Looff, changa zaidi, yenye kasi zaidi, na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Looff alipopata habari kuwa manowari ya Kiingereza imelala Zanzibar, akatoka usiku.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba, kiasi cha saa 11, Königsberg ikafungua mizinga kutoka masafa ambayo Pegasus haikuweza kujibu ya maana. Risasi za Pegasus zilikuwa zikianguka majini kabla ya kufika. Boila baridi, nanga chini, haikimbii wala haisogei. Katika dakika chache mizinga yake ilikuwa imenyamazishwa, na mchana meli ikazama. Waliokufa walizidi 30, na waliojeruhiwa zaidi ya hao. Kabla ya kuondoka, Wajerumani walitupa mapipa yaliyojaa mchanga kwenye mlango wa bandari, ili Waingereza wadhani ni mabomu ya baharini. Wanafunzi hucheka hapa, na waache wacheke, kwani hiyo nayo ni mbinu.

Askari wa Royal Marines sasa anaonekana. Taarifa za Uingereza za wakati ule zilisema bendera ya Pegasus iliangushwa na risasi mara mbili, na askari wawili wa kikosi hicho wakainyanyua kwa mikono. Taarifa za vita hutolewa ili kuwatia watu moyo, kwa hiyo ipokee kwa tahadhari. Lakini hata ukiipunguza nusu, inakuonyesha kazi ya askari wa melini pale mzinga wake ulipovunjika na pa kushuka hapana: kubaki alipo.

Yaliyofuata nayo yana utamu. Königsberg ilirudi Rufiji, ikazingirwa, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa na meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni. Wajerumani wakaiokoa mizinga yake yote kumi na kuiburuza nchi kavu kwenye jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki. Waingereza nao walikwishaiopoa mizinga ya Pegasus na kuifunga magurudumu. Basi mizinga ya meli mbili zilizopigana Unguja ikaendelea kupigana bara, bila ya meli. Mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus umo leo ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Na Khalid, yule aliyechukuliwa na mashua ya Wajerumani, alikamatwa na Waingereza mwaka 1916, wakampeleka mbali kabla ya kumruhusu kurudi Mombasa, alikofariki mwaka 1927.

Ubaya wa kisa hiki ni kwamba mjini hakina mengi ya kuonyesha. Lazima uende Chapwani, kisiwa kidogo kaskazini ya Mji Mkongwe, walikozikwa watu wa Pegasus. Maana yake ni boti, ruhusa ya kuingia kwa kuwa pana hoteli, na hali ya bahari. Wakati wa kusi upepo ukiwa mkali usipande na watoto. Wakati wa kaskazi, au baina ya misimu, ni safari fupi. Utakuta miti iliyojaa popo wanaoning'inia mchana kutwa, na makaburi yenye majina na vyeo. Mwambie kila mwanafunzi anakili jiwe moja: cheo, meli, tarehe. Akirudi darasani ana kazi ya kuandika tayari, na hakuna aliyenakili kwa mwenzake.

Pemba: mapigano ya mikono

Sasa kisa ambacho mimi ningekichagua, na ambacho karibu hakuna anayekichagua.

Kimbunga kile cha Aprili 1872, kilichovunja meli za Barghash, kilivunja pia mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika zaidi, bei ikapanda, mashamba ya Pemba yakapanuka. Mashamba yakataka mikono ya kuchuma. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Barghash kwa shinikizo la Uingereza akatia saini mkataba wa kuzuia watumwa wasipitishwe baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Kwa maneno mengine, sheria ilifunga njia wakati ule ule haja ilipokuwa ikikua. Jibu la wafanyabiashara lilikuwa usiku, mlango wa bahari baina ya bara na Pemba, na majahazi madogo yanayojua kila hori.

Manowari kubwa haiingii horini. Uingereza ikaleta mbinu nyengine: HMS London, meli kongwe ya mwaka 1840 iliyokwisha kupigana Sevastopol, ikatiwa nanga mbele ya mji wa Unguja tangu 1874, si ya kupigana bali iwe ghala, karakana, hospitali na kambi. Kutoka ndani yake ziliteremshwa mashua, za makasia, za tanga na za mvuke, kila moja na afisa, mabaharia wachache na mkalimani. Zilikwenda Pemba zikakaa siku nyingi. Watu walilala ndani ya mashua au kwenye visiwa vidogo, wakala biskuti na kunywa maji ya mapipa, wakapata homa. Usiku wakazima taa na kusikiliza. Jahazi likionekana, mashua hulikimbilia, hulisogelea ubavuni, mtu huruka. Hapo hapana mzinga wa masafa marefu. Pana kasia, bastola, jambia, na ubao wa chombo unaoyumba.

Hii ndiyo kazi ya zamani kabisa ya askari wa baharini, kupanda chombo cha mwenzio, ingawa ndani ya mashua hizi walikuwa zaidi ni mabaharia kuliko askari wenye sare.

Kilichowatatiza mno ni bendera. Ufaransa haikukubali majahazi yanayopeperusha bendera yake yapekuliwe na Waingereza, kwa hiyo nahodha mwenye bendera ya Kifaransa alikuwa na kinga. Tarehe 3 Disemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkubwa wa HMS London, alikuwa karibu na Pemba ndani ya mashua ya mvuke iitwayo Wave. Akaliona jahazi lenye bendera hiyo. Kwa vile kupekua hakuruhusiwi, alisogea kutazama karatasi tu, na watu wake hawakushika silaha. Nahodha wa jahazi, Hindi bin Khatam, alikuwa na shehena ya watumwa. Watu wake wakapiga bunduki kwa karibu na kuruka ndani ya mashua. Mabaharia wengine waliuawa, wengine wakajitupa majini. Brownrigg alibaki nyuma ya mashua akipigana kwa kitako cha bunduki mpaka akaanguka. Amezikwa Chapwani.

Aliyetumwa kumwandama Hindi alikuwa Lloyd Mathews, na huyu ndiye mtu anayekifunga kisa cha Pemba na kile cha 1896. Alikuja Zanzibar akiwa luteni wa HMS London. Mwaka 1877 akaazimwa kwa Barghash kuunda jeshi la Sultani kwa mtindo wa Kizungu. Mwaka 1881 aliongoza askari hao Pemba na kumkamata Hindi, aliyekufa kwa majeraha. Mwaka 1891 akawa waziri mkuu wa serikali ya Zanzibar, na ndiye aliyekuwa kwenye cheo hicho mizinga ya 1896 ilipolia. Alikufa kwa malaria mwaka 1901 na kuzikwa Unguja. Kijana anayetafuta mada ya kuandika na achukue maisha ya mtu huyu, atapita humo humo kwenye visa vyote viwili.

Wala usiwape wanafunzi kisa hiki kikiwa cheupe tupu. Mabaharia walilipwa tuzo kwa kila mtumwa waliyemwokoa na kwa tani za jahazi waliloliteketeza, na miaka hiyo yalikuwapo malalamiko ya majahazi ya halali kuchomwa moto na watu wenye pupa. Walioachiwa huru nao hawakurudishwa kwao. Wengi walipelekwa kwenye misheni, kama Mbweni, wakaanza maisha miongoni mwa watu wasiowajua. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka Aprili 1897, chini ya Hamoud, yule aliyewekwa na mizinga ya 1896.

Udhaifu wa Pemba ni kwamba hakuna jengo la kuonyesha. Kuna hori, mikoko na visiwa vidogo, na upande wa pili karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi. Lakini hivyo ndivyo vilivyokuwa sababu na uwanja wa mapigano. Mtoto wa Wete anayejua njia ya kupitisha ngarawa maji yakipwa ana nusu ya somo mkononi. Anajua pia kuwa KMKM, mbali na ile timu ya mpira, ni kikosi cha kuzuia magendo, na kwamba maji hayo hayo bado yana doria, mara nyingi kwa ajili ya karafuu hizo hizo. Sioni kwa nini skuli za Pemba zilipe nauli ya meli kuja kutazama Forodhani wakati kisa kikali zaidi kiko nyuma ya nyumba zao.

Basi nani achukue kipi

Wadogo, na wageni wenye saa moja kabla ya boti ya mchana: 1896, na usiwaache waondoke bila ya kusikia habari za Glasgow na bamvua. Kidato cha tatu na cha nne Unguja: Chapwani, kwa sababu kaburi la Brownrigg na ya watu wa Pegasus yako kisiwa kimoja, unapata visa viwili kwa nauli moja. Anayetaka teknolojia, kasi ya meli, masafa ya mizinga na makaa ya mawe: 1914 bila ya kusita. Anayetaka kujua kwa nini watu walipigana: Pemba.

Na kama unayemtafuta hasa ni askari wa Royal Marines akitenda kazi yake kamili, kutoka melini mpaka nchi kavu, kwa Zanzibar utamwona nusunusu tu. Utalazimika kuvuka mpaka Dar es Salaam, tarehe 25 Januari 1964, pale kikosi cha 45 Commando kiliporushwa kwa helikopta kutoka manowari Centaur kwenda kuzima maasi ya askari wa kambi ya Colito. Hicho kinataka siku yake na nauli yake, na wazee wa kukisimulia bado wapo.